Chaki Kwenye Bomba

Waliokuwapo siku ile ni hawa: Juma bin Athumani wa Kabati, aliyeshika winchi, Muli wa Nzioka, kijana wa Tawa, aliyepiga magoti kwenye mdomo wa kisima, Kilonzo, mwenzangu wa spana, Wanza, mama aliyewaongoza wanawake waliotuletea maji ya kupoza injini, na mimi Kimeu, niliyekuwa mtu wa klampu. Fundi Gurdit, Kalasinga aliyekuwa mkubwa wetu, hakuwapo. Nawataja wote kwa sababu karatasi iliyoandikwa baadaye ilitaja watatu tu, na mmoja kati ya hao watatu ilimtaja kwa uongo.

Ninyi vijana mnaonyanyua vyuma kwa kreni, mkibonyeza kidude kwa kidole gumba, pengine mtacheka mkisikia tulivyokuwa tukifanya. Chekeni tu. Sisi tulichimba visima katika nchi kavu, Makueni na Kitui, tangu ile miaka ya njaa hadi mwisho wa miaka ya hamsini. Tulikuwa na miguu mitatu ya mbao iliyofungwa pamoja juu, kapi, kamba ya waya, winchi, na injini iliyokohoa kama mzee wa tumbaku. Kila futi tuliyochimba ilihitaji bomba la chuma la kuzuia udongo usianguke ndani. Mabomba yaliungwa moja juu ya jingine kwa soketi, pete nene kuliko bomba lenyewe, na uzito wote huo, tani kwa tani, ulining'inia kwenye klampu moja. Klampu ni vipande viwili vya chuma vilivyopindwa kama mikono ya mtu anayekumbatia mti, vyenye masikio kila upande, na boliti za kuyavuta masikio hayo yakaribiane. Ni hivyo tu, hamna siri nyingine.

Siri iko kwenye mviringo. Gunia lina pembe, ubao una ukingo, hata ng'ombe ana shingo. Bomba halina pa kushikwa. Linashikwa kwa kubanwa, na kinachobanwa kinaweza kuteleza.

Nilianza kazi hiyo bila kujua lolote. Baba alikuwa amefariki, na mama akamfuata kabla ya mvua mbili kupita. Nilikuwa darasa la tatu. Nilifunga daftari langu, nikampa Nthenge, mdogo wangu, nikamwambia aendelee kwenye kurasa zilizobaki. Nyuma ya Nthenge kulikuwa na Kasyoka, na nyuma yake Mumbua ambaye bado alikuwa akibebwa. Shangazi alikubali kuwalaza, lakini chakula na karo vilikuwa vyangu. Nilikwenda kwa wachimba visima kwa sababu walichukua mtu yeyote mwenye mgongo.

Siku ya kwanza nilipewa spana nifunge klampu. Nilikaza kwa nguvu zangu zote za ujana mpaka masikio yakagusana, nikasimama pembeni nikijifuta jasho, nikingojea kusifiwa. Mzee Juma alishuka kwenye winchi, akachukua kijiti, akajaribu kukipitisha kati ya masikio mawili. Hakikupita.

"Umekaza?" akaniuliza.

"Nimekaza mzee, hata haiwezi kuendelea."

"Ndiyo. Imejikaza yenyewe. Ni kama bwana harusi aliyejikumbatia, na bibi harusi yuko mlangoni anamtazama."

Akalipiga bomba teke, nalo likazunguka ndani ya klampu kama kidole ndani ya pete pana. Kilonzo alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo aliniita Bwana Harusi, na aliniita hivyo mpaka alipozikwa.

Shikeni hilo kwanza. Klampu ikishakazwa lazima mwanya ubaki kati ya masikio, upande huu na ule, na mianya hiyo ilingane. Masikio yakigusana, klampu ni kubwa kuliko bomba, hata kama mkono wako unakwambia imekaza. Msisome namba iliyogongwa kwenye chuma mkaridhika. Zungusheni uzi kwenye bomba, zungusheni na ndani ya klampu, mlinganishe. Bomba la zamani limeliwa na kutu, na klampu ya zamani imepanuka. Zote mbili zitakudanganya ukizitazama kwa macho.

Juma alikuwa Mwislamu wa pale Kabati, wa zile familia ambazo babu zao walikuja na misafara ya biashara wakaoa Ukambani na kubaki. Alisema Kikamba chetu bila kasoro na Kiswahili kilichotuaibisha. Hakupenda kufundisha kwa maneno mengi. Alisema, "Bomba likiwa hewani ni mama mkwe wako. Usimguse kwa mkono, usipite chini ya kivuli chake, na akipita mpishe." Kwa Mkamba hakuna haja ya kueleza zaidi. Wote tulijua namna ya kuruka kichakani mama mkwe akitokea njiani. Mgeni mmoja kutoka pwani aliuliza, "Na kama nampenda mama mkwe wangu?" Juma akamjibu, "Basi mpende ukiwa mbali, utazeeka."

Alinifundisha kufuta bomba kwa gunia kavu mpaka mafuta na tope viishe. Alinifundisha kufunga klampu chini ya soketi, ili bomba likiteleza soketi ikwame kwenye klampu. Alinifundisha kwamba klampu ni mbili daima: moja inainua, nyingine inalala juu ya magogo kwenye mdomo wa kisima na kushika mabomba yaliyo chini wakati ile ya juu inapofunguliwa. Ile ya kulala haiguswi mpaka ya juu imebeba uzito na imejaribiwa. Vyuma vya mviringo vilivyolala mafungu tulivifunga sehemu mbili, siyo katikati, kwa sababu vile vya ndani havijui kwamba vimefungwa.

Na alinifundisha chaki. Ukishakaza, chora mstari kwenye bomba, sawasawa na mdomo wa klampu. Inua kiasi cha upana wa kiganja. Simama. Vuta pumzi tatu. Tazama chaki. Ikiwa mstari uko pale pale, endelea. Ikiwa umesogea, hata kwa upana wa unyasi, teremsha. Kila mara, kabla ya kuinua kweli, Juma aliuliza kutoka kwenye winchi neno moja: "Chaki?" Nami nilijibu: "Ipo."

Kwa miaka mitano aliuliza, nami nikajibu, na kila nilipojibu ilikuwa ipo.

Kisima chenyewe kilikuwa bondeni, chini ya Tawa. Mvua ilikuwa imekataa misimu miwili. Wanawake walitoka alfajiri kwenda kuchimba mchanga wa mto, wakarudi jua likiwa kichwani na kibuyu kimoja cha maji ya rangi ya chai. Na maji hayo hayo walitugawia kwa ajili ya injini. Wanza alikuwa akimimina akisema, "Kunywa, ng'ombe wa chuma. Wewe ndiye uliyebaki hai." Watoto wake wawili walikuwa wamelala na tumbo la kuhara.

Siku tulipofikia maji, wazee wa pale walileta fahali. Juma ndiye aliyechinja, ili tule wote. Muli alichezacheza na wenzake, akaniambia, "Bwana Harusi, mama yangu atakunywa maji haya kesho kutwa. Nimemwambia anyoe nywele kama mtu wa sherehe, aje na mtungi mpya." Alikuwa amekaa nasi miezi minne tu, tulimwajiri hapo hapo kwao. Alipenda kazi kuliko sisi sote.

Jioni hiyo sikio la klampu yetu ya kuinua lilikatika. Tulikuwa na nyingine moja ya kipimo hicho, nayo ilikuwa imelala kwenye magogo ikishika mabomba. Asubuhi Fundi Gurdit aliondoka na lori kwenda stesheni ya Emali kungoja nyingine ije na gari moshi. Alituambia, "Hakuna kugusa bomba mpaka mimi narudi. Kesho nafika."

Kesho yake hakufika. Na chini ya ardhi kulikuwa na jambo ambalo halikumngoja mtu. Mabomba yalikuwa yameshuka kupita maji, na mchanga laini ulikuwa unapanda kuyazunguka. Ilitakiwa tuyavute juu urefu wa mabomba mawili, ili lile lenye matundu likae penye maji. Mchanga ukishatulia, unabana kama saruji, na kisima kimekufa. Mchana wa siku ya tatu nilishusha jiwe lililofungwa kwa uzi, nikapima. Mchanga ulikuwa umepanda futi nne tangu asubuhi.

Klampu iliyobaki ilikuwa kubwa, ya bomba la inchi nane. Bomba letu lilikuwa la inchi sita.

Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo mzungu asingelifanya, wala Kalasinga, kwa sababu wao hawakulelewa na ngozi. Kwetu ngozi mbichi ya ng'ombe ndiyo msumari na gundi. Mpini wa shoka ukilegea, unauvika ngozi mbichi. Ikikauka, shoka litazeeka na mpini utabaki. Upinde hivyo hivyo, na kigoda hivyo hivyo. Ngozi ya yule fahali ilikuwapo. Tangu Fundi alipoondoka nilikuwa nimekata kipande cha shingo, kinene, nikakikunja mara tatu ndani ya ile klampu kubwa, nikaibana kwenye kipande cha bomba la akiba na kuiacha juani. Ilikauka ikawa kama pembe. Mwanya ulibaki kati ya masikio, sawasawa pande zote. Kilonzo na Muli waliining'inia wote wawili, haikusogea. Tuliliinua lile bomba la akiba, chaki haikusogea.

"Ngoja Fundi," Juma alisema.

"Mzee, mchanga unapanda. Tukingoja mpaka kesho hamna kisima."

"Kisima kitachimbwa kingine."

Wanza alikuwa amesimama pale na kibuyu chake. Alimtazama Juma, akatazama chini. Nadhani Juma aliona kile nilichokiona mimi. Akapanda kwenye winchi yake akasema, "Bomba moja. Halafu tutazame."

Bomba la kwanza lilipanda vizuri. Lilikuwa kavu, na soketi yake juu. Tulililaza lile la chini kwenye klampu ya magogo, tukafungua lile la juu, tukaliweka chini. Muli alipiga kigelegele kama mwanamke, na wanawake wakamwitikia kwa kicheko. Sote tuliona kwamba inawezekana.

Bomba la pili lilikuwa limetoka majini. Lilikuwa limelowa, lina utelezi wa tope jeupe. Soketi ilikuwa imetoka na bomba la kwanza. Nilipaswa kufunga nyingine juu kabla ya kuinua, nami sikufunga. Nililipangusa kwa gunia, lakini gunia nalo lilikuwa limelowa. Nilihamisha klampu na ngozi yake, nikakaza. Ngozi ilinipa mwanya mzuri. Nilichukua chaki nikachora, na chaki haikushika kwenye chuma chenye maji. Nilichora tena. Iliteleza bila kuacha alama.

Jua lilikuwa linashuka. Nilisikia mchanga akilini mwangu, ukipanda.

Juma aliuliza, "Chaki?"

Nikajibu, "Ipo."

Akainua. Kamba ilikaza, klampu ilibeba uzito, na Muli akapiga magoti akaanza kulegeza boliti za ile ya magogo, kama nilivyomfundisha. Ngozi ilikuwa ikinywa maji kimya kimya muda huo wote. Ngozi iliyokauka ni pembe, lakini ikilowa inarudi kuwa nyama. Sikusikia kishindo cha kwanza. Niliona bomba likishuka kati ya mikono ya klampu, taratibu kidogo, halafu ghafla, na kamba iliyopoteza uzito ikaruka na klampu kwenye ndoano yake. Sikio la klampu lilimpata Muli kichwani, juu kidogo ya sikio lake.

Hakulia. Aliinama mbele kama mtu anayetazama ndani ya kisima, na Kilonzo akamdaka asianguke.

Wanza alivua leso yake akamfunika. Alikaa naye mpaka Fundi Gurdit alipofika na lori, kabla giza halijaingia, ile klampu mpya imefungwa kwenye karatasi ya kaki nyuma ya kiti chake.

Fundi alitazama yote. Kisha akauliza, "Nani?"

Nilikuwa nimefungua mdomo. Naapa nilikuwa nimeufungua. Lakini Juma alikuwa mbele yangu, akisema kwa sauti ile ile aliyotumia kila siku: "Breki imeniponyoka. Mkono umezeeka, Fundi. Mimi ndiye niliyesema tuinue."

Ngozi ilikuwa imetumbukia kisimani pamoja na bomba. Hapakuwa na kitu cha kumpinga.

Nilimfuata nyuma ya lori. "Mzee, kwa nini?"

"Mumbua yuko darasa la ngapi?"

"La kwanza."

"Basi rudi kazini."

Nilimwendea Kilonzo, nikamwambia nitakwenda kwa Fundi kusema ukweli. Kilonzo, ambaye sikuwahi kumwona bila mzaha, akaniambia, "Mzee ameshasema. Ukisema wewe utamfanya mwongo mbele ya maiti." Nililichukua neno hilo kwa mikono miwili, vijana, kwa sababu lilinifaa.

Karatasi iliandikwa, ikapelekwa kwa wakubwa. Ilimtaja marehemu, ikamtaja Fundi, na ikasema mtu wa winchi, mzee, aliachia breki kwa uzembe. Juma alifukuzwa siku hiyo hiyo.

Mabomba tuliyavua kwa klampu mpya, yenye kipimo, chaki ipo. Mchanga haukuwa umekaza. Tungeweza kungoja. Kisima kilitoa maji, na watoto wa Wanza walipona. Mama yake Muli hakuchota hapo hata siku moja. Alishuka mtoni na mtungi wake mpya mpaka miguu ilipomkataa.

Kwa desturi yetu, damu ikimwagika hata kwa bahati mbaya, ukoo wa aliyemwaga hupeleka ng'ombe kwa ukoo wa aliyekufa. Wazee wa Muli walituma ujumbe Kabati. Juma angeweza kusema dini yake haina mila hiyo, au kwamba ni mambo ya kazi ya serikali. Alifungua zizi. Alinitumia salamu nikamsaidie njia, kwa sababu nilijua mapito ya upande ule. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeswaga ng'ombe wa Juma, siku nne kwa miguu, kulipa damu niliyoimwaga mimi. Mwanawe Athumani, kijana wa miaka kumi na sita hivi, alitusindikiza mpaka mwisho wa mashamba yao. Alimshika ng'ombe mmoja mwekundu pembe, akamnong'oneza kitu, akamwachia.

Njiani Juma alizungumza juu ya mvua, na juu ya bei ya choroko. Siku ya tatu nilishindwa, nikamwambia, "Mzee, ile chaki haikuwapo."

Alitembea kidogo. "Nilijua. Nilikaa juu, nilikuona ukichora mara mbili."

"Ukainua?"

"Niliinua kwa sababu ulisema ipo. Hujawahi kuniambia ipo na haipo." Akamchapa ng'ombe mmoja aliyekuwa anakawia. "Na mimi nilitaka yale maji, Kimeu. Usijibebeshe peke yako kama punda. Lakini usiseme tena mpaka wadogo zako wasimame."

Hakuishi kuwaona wakisimama. Walisimama. Nthenge alikuwa mwalimu, Kasyoka ana duka, Mumbua amezalisha nusu ya watoto wa hospitali aliyofanyia kazi. Mimi nilipanda hata nikawa fundi mkuu, na katika miaka yote iliyobaki hakuna bomba lililoteleza mikononi mwangu. Klampu siku hizi zina meno, uzito wenyewe unazibana, kadiri bomba linavyovuta ndivyo zinavyouma. Ni nzuri. Lakini meno nayo huziba tope na kuchakaa, na utelezi haujui kama klampu ni mpya. Futeni bomba. Rudisheni soketi. Msitie kitu chochote kati ya chuma na chuma, hata kiwe kizuri namna gani kwenye mpini wa shoka. Chaki isiposhika, jibu ni moja: haipo. Semeni hivyo hata kama kijiji kizima kimesimama na vibuyu.

Mwaka mmoja baada ya Juma kuzikwa, Athumani alikuja kambini kuomba kazi ya winchi. Alikuwa na mikono ya baba yake. Fundi Gurdit alimtazama akasema, "Baba yako aliachia breki. Mimi siwezi." Kisha akanigeukia mimi, kwa sababu aliniamini: "Kimeu, wewe unaonaje? Unamjua?"

Wadogo zangu walikuwa wamesimama wakati huo? Nthenge alikuwa amebakiza mwaka mmoja. Nikasema, "Simjui kazi yake, Fundi."

Athumani alinishukuru. Alinishukuru kwa sababu aliona nimesema kwa upole. Akaenda kaskazini, Kyuso, akawa mnunuzi wa mbuzi, na nasikia yuko huko mpaka leo, mzee mwenye wajukuu. Nasikia pia kwamba hapendi mtu amtajie baba yake na kisima kile. Mtu wa Kyuso aliyeniambia habari hizo alisema Athumani huwaambia wanawe: babu yenu alikuwa mtu mzuri, lakini mkono wake ulimponyoka.

Mkono wa Juma haukuwahi kumponyoka. Nimewaandikia ninyi, na mtasoma, lakini ninyi siyo mnaonidai deni hili; anayenidai yuko Kyuso. Wadogo zangu walisimama zamani sana. Sina tena wa kujificha nyuma yake. Nimeshafika Mwingi mara mbili nikielekea Kyuso. Mara zote mbili nilishuka, nikanunua chai, nikaingia katika gari la kurudi nyumbani.